Chai ya Mlimani, Maji ya Chundwa

Watu wa Chundwa walipoambiwa kwamba nimepata kazi mlimani, wengi walidhani nakwenda kufundisha madrasa. Hawakuona sababu nyingine ya kumpeleka msichana wa kisiwani kwenye baridi ile. Nilipowaeleza kwamba nakwenda kupima mvua, ukungu na maji ya vijito, walinitazama kwa huruma. Jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, aliniuliza kama mvua ya huko haiwezi kunyesha mpaka iwe na mtu wa kuitazama.

Mama yangu hakucheka. Alikuwa amekaa ukumbini anachambua mchele, na sinia halikutikisika. Mama ni mtu wa Amu, yaani Lamu mjini. Aliolewa Chundwa akiwa msichana, akaishi na watu wa huku miaka yote, lakini Kiamu chake hakikumtoka.

"Huko mlimani kuna nini ambacho nti hini haina?" aliniuliza.

"Kuna barafu, mama."

"Barafu hata Kizingitini iko, ya samaki."

Baba alikuwa amefariki nikiwa bado shule ya sekondari, na mimi ndiye niliyebaki na mama nyumbani baada ya ndugu zangu kwenda na maisha yao. Nilijua swali lake halikuwa la barafu. Lakini chuoni nilikuwa nimesomea mazingira, kazi zilikuwa chache, na hii ilikuwa imeniita yenyewe. Siku ya kuondoka alinifungia mikate ya mofa kwenye kitambaa, akanisomea dua, akarudi ndani kabla pikipiki haijawaka.

Kituo chetu kilikuwa ukingoni mwa msitu, kwenye mteremko wa Mlima Kenya ambao jua huchelewa kuufikia. Asubuhi ya kwanza nilifungua mlango nikaona nyasi zote nyeupe, nikadhani mtu amemwaga chokaa. Nilikanyaga, zikalia chini ya viatu vyangu kama bisi. Nilirudi ndani nikavaa kila nguo niliyokuwa nayo, na juu yake nikajifunga leso mbili.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Tulikuwa na mitungi ya kukingia mvua, vyandarua vya kunasia ukungu, na vijiti vilivyochongwa alama, vya kupimia kina cha vijito. Tulizunguka navyo siku baada ya siku, matope yakitufika magotini. Kundi dogo lilipanda kileleni mara kwa mara kuipiga picha barafu, likisimama kwenye majabali yaleyale ili picha zilinganishwe. Nami nilipelekwa zamu moja. Nilipanda nikihema kama mgonjwa wa pumu, nikafika, nikakaa juu ya jiwe jeusi lililolowa, nikamenya yai la kuchemsha. Kiongozi wetu akanionyesha picha ya zamani. Pale nilipokuwa nimekaa na yai langu, katika picha palikuwa ndani ya barafu. Iliyobaki ilikuwa juu zaidi, imejibanza kivulini, chafu kidogo pembeni.

Kabla ya kwenda huko nilidhani barafu ile ndiyo inayojaza mito inayoteremka nchini. Sivyo. Barafu ni kidogo mno. Msitu ndio unaoshika ukungu na mvua, ukaviachia vijito polepole hata wakati wa kiangazi. Barafu ilikuwa ikituonyesha tu kwamba joto limepanda mpaka pale. Habari nzito zaidi zilikuwa chini, kwenye vijito, na hizo nilizijua kupitia mwenzangu.

Mwenzangu huyu alikuwa mwanamke wa rika langu, mzaliwa wa kijiji kilicho chini tu ya msitu. Wazazi wake walikuwa na shamba la majani chai. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye hatua ndefu, na aliwajua mbwa wote wa njiani. Kijito kimoja tulichokipima ndicho alichokuwa akichota maji utotoni. Mara ya kwanza tulipokifikia pamoja, wakati wa kiangazi, alisimama katikati yake akaweka mkono kiunoni.

"Maji yalikuwa yakinifika hapa," alisema. "Nilikuwa naogopa kuvuka, dada yangu ananishika."

Tulikuwa tumesimama juu ya changarawe kavu. Aliinama, akaweka kijiti chake kama kanuni zinavyotaka, akasema, "Hakuna," kwa sauti ileile ambayo angetumia mahali pengine popote. Kisha tukaendelea na safari. Sikumuuliza zaidi siku ile.

Vijito vingine bado vilikuwa vikitiririka, na tulikuwa tukinywa humo humo kwa viganja. Maji yale yalikuwa baridi ya kuuma meno, na hayakuwa na ladha yoyote. Miezi ya kwanza yalinisumbua, nikahisi kama ninakunywa kitu kilichosahauliwa kutiwa jambo. Baadaye niliyazoea, nikasahau kwamba kuna maji ya aina nyingine.

Nilirudi Chundwa baada ya muda mrefu, siku za mwisho za Ramadhani, ili Idi inikute kwa mama. Nilifika alasiri. Magharibi mama alitandika mkeka, akaweka tende, mahamri, samaki wa kupaka, na chai ya rangi yenye iliki. Nilifungua kwa tende, nikapiga funda moja la chai.

Ilikuwa na chumvi. Si sana, lakini ilikuwepo, nyuma ya sukari na iliki, na ilipopita kooni ilibaki ulimini. Nilidhani mama amekosea mkebe. Nikamtazama. Alikuwa anakunywa kwa raha, macho ameyafumba nusu.

"Umeikosa chai ya kwenu," alisema.

"Nimeikosa, mama."

Nilimaliza kikombe. Kisha nikaenda kutia udhu, nikaweka maji ya mtungi mdomoni, nikaonja chumvi ileile bila sukari wala iliki ya kuifunika.

Maji yale yalitoka kisima chetu. Kiko nyuma ya nyumba, mpakani mwa shamba, na baba alikichimba mwenyewe na ndugu zake kabla mimi sijazaliwa. Kilikuwa kisima kitamu, watu walikisifu mpaka Siyu. Nusu ya mtaa ilichota kwetu. Mama hakumzuia mtu, na akitoka asubuhi hukuta ndoo zimepangwa, wanawake wamejaa, habari za mji mzima zinapita pale. Hiyo ndiyo ilikuwa baraza yake.

Siku ya Idi niligundua kwamba kisimani hapakuwa na mtu. Watu walikuja kwa wingi, wakatupa mkono wa Idi, wakala, wakacheka na mama. Lakini hakuna aliyekuja na ndoo, na kila waliposogezewa birauli ya maji, walisema wameshiba. Kesho yake nilimwona jirani yetu, yule aliyenibeba mgongoni, akipita njia ya nyuma na mtungi wake wa plastiki kichwani, akitokea upande wa pili wa mji. Nilimfuata nikamsalimia. Alijua nataka kuuliza nini.

"Umeyaonja," alisema.

"Tangu lini, mama mdogo?"

"Yalianza kidogo kidogo. Kiangazi yanazidi, mvua ikinyesha yanapungua, halafu yakawa hayapungui tena." Aliutua mtungi. "Yeye mwenyewe hajui. Kila siku anayanywa hayohayo, ulimi umezoea. Sisi tulipoonja kwingine ndipo tukajua."

"Na hakuna aliyemwambia?"

"Twalimuonea haya. Kisima cha marehemu, na mama yako hajapata kumnyima mtu maji. Nani aende kumwambia kwamba yameharibika? Kila mtu akatafuta sababu yake. Mmoja alisema ndia ya huku ni fupi, mwingine kamba yake imekatika. Mimi nilimwambia mgongo wanisumbua, siwezi kuvuta." Aliuinua mtungi wake, umejaa, akauweka kichwani bila taabu. "Nawe usimwambie. Muache na raha yake."

Nilirudi mlimani bila kumwambia. Lakini jambo lile lilinikaa. Asubuhi nilikuwa nikinywa maji ya kijito nakumbuka mama anavyofumba macho na kikombe chake, na maji yale yasiyo na ladha hayakushuka vizuri. Siku moja, tukiwa tumejikinga mvua chini ya mti mkubwa msituni, nilimsimulia mwenzangu habari yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akifikicha jani.

"Ningependa kumwona mama yako," alisema.

"Yuko mbali. Na lazima upande boti."

"Sijawahi kuiona bahari," alisema. "Likizo yangu naweza kuitumia ninavyotaka."

Tulikwenda pamoja mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua za masika. Alibeba viazi, nduma, na mfuko mkubwa wa majani chai kutoka kwa wazazi wake, pamoja na kipimo chetu kidogo cha mkononi, mfano wa kalamu nene, ambacho ukikichovya majini kinakuonyesha kiasi cha chumvi. Nilimwambia akiweke chini kabisa ya mkoba. Sikutaka mama akione.

Pale Lamu alishuka ngazi za gati kwa makalio, hatua moja moja, abiria wakimhimiza kwa upole. Alipokaa ndani ya boti alinishika mkono na hakuuachia. Maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo kwenye mkondo wa Mkanda nahodha alipunguza mwendo, tukapita taratibu kati ya mikoko, mchanga ukionekana chini. Hapo aliuliza kina chake, nikamwambia ukisimama yatakufika kifuani, akatulia kidogo. Tulipotoka kwenye maji wazi na povu likamrukia usoni, alijilamba midomo. Nilimwona anashangaa.

"Ni chumvi kweli," alisema. "Nilijua ni chumvi. Lakini ni chumvi *kweli*."

Mwanamke mmoja aliyekuwa na kuku kwenye kapu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa buibui, kisha akampa embe.

Mama alimpokea kama aliyemzaa. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamtazama, akasema amekonda, ingawa hakuwahi kumwona kabla. Mwenzangu hakuelewa nusu ya maneno yake. Mama akisema "mato" mgeni alikuwa ananitazama mimi, namwambia "macho". Akisema "ndia", namwambia "njia". Lakini walielewana upesi kuliko nilivyotegemea. Alipotoa mfuko wa majani chai, mama aliyanusa kwa muda mrefu.

"Haya yametoka shamba lenu wenyewe?"

"Ndiyo, mama. Baba yangu ndiye aliyenituma nikuletee."

"Basi nawe utainywa ya kwanza."

Mama aliteleka maji, akatia majani, akaacha yachemke mpaka nyumba nzima ikanukia. Hakutia iliki wala tangawizi, kwa heshima ya majani yenyewe. Sukari alitia kidogo tu. Akammiminia mgeni kikombe, akakaa mbele yake kumtazama akinywa.

Mwenzangu alikunywa. Yeye ni mtu aliyelelewa vizuri na alikuwa ameshajiandaa. Alisema, "Asante, mama, ni tamu." Lakini hiyo ilikuwa chai ya kwao, chai aliyoinywa tangu atoke kunyonya, na uso wake uliijua kabla hajauwahi. Lilikuwa jambo la mara moja, mkunjo mdogo kati ya nyusi, likapita.

Mama aliliona. Aliweka birika chini.

"Mwanangu, nambia kweli," alisema. "Chai yenu huwa na ladha hii?"

Mwenzangu alinitazama. Mimi nilitazama mkeka.

"Usimtazame yeye. Mimi ndiye nakuuliza. Mimi nimekuwa mzee lakini mato yangu yangali mazima."

"Ina tofauti kidogo, mama," alisema mwenzangu.

"Mai haya yana munyu."

Alilitamka neno lile la Kiamu, munyu, na hata mgeni hakuhitaji kutafsiriwa.

"Ndiyo maana hawaji," alisema mama. "Nami nikidhani nimewaudhi." Alinigeukia. "Nawe ulijua."

"Nilijua Idi iliyopita, mama."

"Kwani mimi ni mtoto wa kufitwa mambo?"

Hakupaza sauti. Aliinuka akaenda chumbani, akachelewa kutoka. Mwenzangu alimaliza kikombe chake chote, polepole, na mimi nikamaliza changu. Tulisikia kupitia pazia kwamba anaswali.

Asubuhi alitukuta uani. Alikuwa amevaa nguo za kutokea, na uso wake umetulia.

"Si mwasema kazi yenu ni kupima maji ya watu?" alisema. "Basi pimeni na yangu."

Mwenzangu alikwenda kukitoa kipimo mkobani. Nilivuta ndoo, naye akakichovya, akangoja, akamwonyesha mama. Kisha mama akatuongoza kwenda kupima visima vingine vya mtaa, akibisha hodi mwenyewe, akiwaambia wenyewe kwamba kisima chake kimeingia chumvi na anataka kujua vya wenzake vikoje. Alilisema hivyo wazi, mlango kwa mlango. Nikawaona watu wakishusha pumzi. Visima vilivyo karibu na pwani vilikuwa vibaya kuliko chetu. Vya juu kidogo bado vilikuwa vizuri, lakini wenyewe walisema maji yameteremka, kamba zimeongezwa urefu.

Tulirudi tukakaa kivulini, na mwenzangu akamweleza mama, mimi nikisaidia pale maneno yalipogoma. Alimwambia kwamba chini ya kisiwa maji matamu yamekaa juu ya maji ya bahari, kama tui zito linavyoelea juu bakulini. Mvua ndiyo inayoyajaza. Mvua ikichelewa, au ikija kwa kishindo siku chache ikatiririka yote baharini, maji matamu yanakuwa membamba. Watu wakizidi, wakavuta zaidi, yanakuwa membamba. Na bahari ikipanda, inasukuma kutoka chini na pembeni.

Mama alifikiri. "Na hapa kwangu ni lipi? Ni mvua, ni bahari, au ni sisi tulioteka mno?"

"Sijui, mama," alisema mwenzangu. "Ningekudanganya nikikwambia ni moja. Pengine ni yote."

"Na huko kwenu?"

Hapo ndipo alipotusimulia habari ya kile kijito, ambayo hata mimi sikuwahi kuisikia yote. Kiangazi kirefu kilipozidi kurefuka, watu wa juu walitega mabomba, kila nyumba lake, na maji yakawa hayafiki chini. Majirani waliokuwa wakiozana wakawa hawasalimiani. Mama yake alikuwa anatembea mpaka bonde la pili na mtungi, mlima mzima wa maji ukiwa nyuma yake, na usipofika mapema unakuta wengine wameshachukua zamu. Baba yake alikata baadhi ya mimea ya chai iliyokauka. "Ninapopima pale," alisema, "huwa naomba isiwe zamu yangu."

Mama alimshika goti. "Kumbe na nyinyi," alisema. Akabaki amemshika.

Alasiri ile mama alijitanda buibui lake akaenda kwa jirani. Alitutaka tumfuate. Jirani alikuwa anakuna nazi. Alipoona uso wa mama aliacha.

"Mgongo wako wendaje?" mama alimuuliza.

Jirani alimtazama, akanitazama mimi, akaelewa. "Hauna neno," alisema. "Haukuwa na neno tangu mwanzo."

"Miaka yote tumekula sahani moja, ukaniacha nawapa watu mai ya munyu. Kwenye khitma ya mwaka ya mume wangu wamekunywa. Mashekhe wamekunywa."

"Nilishindwa kukwambia, dada yangu. Wallahi nilikuja mara nyingi mpaka mlangoni. Nikikuona umekaa, umewatandikia watu mkeka pale kisimani na watu wenyewe hawaji, narudi."

Mama alianza kulia, na jirani naye, mbuzi ya kukunia nazi bado iko kati ya magoti yake. Kisha jirani akasema kwamba shekhe mmoja kwenye khitma ile alikunywa birauli mbili, akashukuru, halafu akamwomba yeye kisirisiri kipande cha halua. Mama akacheka huku analia. Walikaa wakizungumza mpaka adhana ya magharibi, mimi na mwenzangu tukakuna nazi iliyobaki.

Katika mazungumzo hayo ndipo jabia lilipotajwa. Juu ya mji, pembeni mwa njia ya kwenda mashambani, kuna jabia la zamani, birika kubwa la kukingia maji ya mvua lenye sakafu pana iliyoinama ili maji yateremke ndani. Wazee walilitumia. Visima vilipokuwa vingi na vitamu, watu walilitupa. Jirani alisema utotoni wakinywa humo. Mama alisema yeye hajawahi kulitia jicho, kwa sababu hakuwa na haja nalo.

Kesho yake tulikwenda kuliona. Sakafu ilikuwa imepasuka, michongoma imeota kwenye nyufa, mbuzi wamelala ndani. Mama alilizunguka kama mtu anayekagua nyumba ya kununua. Akauliza kama litazibika. Mwenzangu alisema yeye si fundi, lakini kuta zinaonekana nzima.

Sitaki kuifanya kazi ile ionekane nyepesi. Kulikuwa na waliosema mvua zenyewe haziaminiki, mtajenga mkinge nini. Wengine walisema watu wa serikali ndio wanaopaswa kufanya. Mama na jirani walikwenda nyumba kwa nyumba, halafu wakazungumza na imamu, naye akalitaja baada ya sala ya Ijumaa. Watu wakachangishana, mwenye saruji akatoa saruji, mwenye nguvu akatoa nguvu. Fundi alipatikana hapahapa Chundwa. Mimi na mwenzangu tulikata michongoma pamoja na wanawake wengine mpaka mikono ikatutoka damu, na aliyezoea jembe kuliko sote alikuwa yeye, leso ya mama ameifunga kichwani. Aliwaambia wanawake kwamba kwao hawana kitu kama hiki. "Hatukuwahi kukihitaji," alisema, na mama akamwambia, "Hata sisi tulisema hivyo."

Likizo yake iliisha kabla kazi haijaisha. Alipanda boti akiwa ameshika mkono wake mwenyewe, si wangu, kwa sababu mimi nilibaki wiki moja zaidi.

Masika ya mwaka ule yalichelewa. Yalipokuja, jabia lilijaa kiasi cha nusu, na pahali pamoja palivuja, fundi akarudi kuziba. Nusu ile haikutosha mpaka mwisho wa kiangazi. Miezi ya mwisho watu walinunua maji ya madumu yaliyoletwa kwa boti, kama wanavyofanya watu wa visiwa vingine. Mwaka uliofuata ulikuwa mwema zaidi. Sijui wa kesho utakuwaje. Kisima cha baba bado kiko, tunafulia na kuoshea vyombo, na mama ameacha kupanda mboga pembeni mwake, kwa sababu majani yalikuwa yanaungua ncha. Minazi miwili iliyo karibu imedhoofika. Simsim ya shamba la juu haina neno. Wanawake sasa hukutana jabiani, na mama amejipa kazi ya kuwafukuza mbuzi. Hana mzaha nao kabisa.

Mimi niliendelea mlimani mpaka mradi ulipomalizika. Nilipanda tena kwenye barafu kabla ya kuondoka, nikaikuta imejikunja zaidi. Kisha nikaomba kazi ya kupima visima vya visiwani, nikaipata, na sasa nazunguka na kipimo kutoka Pate mpaka Kiwayu, na pwani ya Kiunga hali ya usalama inaporuhusu. Kila ninakofika naanza kwa kukaa na wenye kisima kwanza na kuzungumza habari nyingine. Nimeona kwamba watu wengi wameshajua. Wanachongoja ni mtu wa kulisema bila kuwadharau.

Mwenzangu alibaki mlimani. Baba yake na majirani walikaa kikao juu ya yale mabomba, wakakubaliana zamu, na baadhi wameweka matangi chini ya mapaa yao. Hawajapatana wote. Anasema wameanza kusalimiana tena, na kwake hilo ni kubwa.

Yeye na mama huzungumza kwa simu bila kupitia kwangu. Juzi nilirudi kutoka Kiwayu, nimechoka, chumvi imenikauka usoni, nikamkuta mama amekaa ukumbini na simu sikioni. Alikuwa anamuuliza kama huko kumenyesha, na kama kumenyesha, ni mvua ya namna gani, ya kishindo au ya kuingia ardhini. Nilitoa salamu. Mama aliitikia kwa kichwa, akaninyooshea mkono nisubiri nje, kwa sababu walikuwa bado hawajamaliza.